Nyumba Niliyoifungua kwa Spana

Hasira yangu ya kwanza ilikuwa na marehemu mwenyewe. Nasema hivyo bila haya, maana najua watu wanataka mjane alie tu, asiwe na neno. Mimi nililia, tena nililia sana, lakini katikati ya kilio nilikuwa nikimgombeza. Mume wangu alijenga nyumba za watu miaka minne mfululizo pale Tororo, na siku alipokufa hakuwa na hata banda la kuku lake mwenyewe huko kwao Bulumbi.

Ngoja nieleze kazi yake, ndipo utaona ubaya wa jambo lenyewe. Ilikuwa ile miaka ya mwanzo ya uhuru. Shule zilikuwa zinafunguliwa kila upande, na walimu walitaka mahali pa kulala. Tajiri mmoja akapata kazi ya kuwajengea nyumba za mbao. Badala ya kupeleka mafundi kila kijiji wakapime na kukata huko huko mvuani, alisimamisha banda kubwa karibu na reli, akaamuru kuta zote zitengenezwe pale. Mbao zilishushwa kwenye mabehewa kutoka upande wa Kenya, bado zinanuka utomvu. Mafundi walizilaza sakafuni zile za inchi mbili kwa nne, moja ya chini, moja ya juu, na za kusimama katikati, wakapiga misumari, wakaacha nafasi ya dirisha au ya mlango. Kisha upande wa nje wakaufunika kwa mbao nyembamba zilizopandana ili mvua iteleze. Ukuta mzima ulikuwa unatengenezwa umelala. Wao waliuita paneli. Paneli nane zilitosha nyumba ya vyumba viwili. Zilipakiwa kwenye lori, zikafika shuleni, zikasimamishwa juu ya msingi, zikafungwa kwa bolti kwenye pembe, na jioni ile ile mwalimu akaingiza kitanda chake.

Mimi nilikuwa nauza chai na mihogo mlangoni mwa banda lile. Miaka minne nilikaa pale na birika langu, macho yangu yakiwa ndani. Kwa hiyo asije mtu akaniambia mwanamke hajui ujenzi. Nilijua kwamba kila paneli hupigwa namba nyekundu upande wa ndani. Namba moja ndiyo ya mlango. Ukisimama ndani ukautazama mlango, namba mbili iko mkono wako wa kushoto, namba tatu inafuata, hivyo hivyo mpaka unazunguka nyumba nzima na kurudi mlangoni. Mafundi walikuwa wanazisimamisha bila hata kufikiri, mikono yenyewe ilikuwa imezoea kwenda kushoto.

Sasa, kwa nini mtu anayesimamisha nyumba za wenzake kwa siku moja hakusimamisha yake? Kwa sababu ya kaka yake, basi! Kwao mdogo hamruki mkubwa. Kama mkubwa hajajenga nyumba yake kwenye boma la baba yao, mdogo naye atulie. Akijenga kwanza ni kama amemtakia kaka yake mabaya. Na huyo shemeji yangu mkubwa alikuwa mtu wa mdomo tu. Nywele zimeshaanza mvi, bado analala kwenye kibanda alichojenga akiwa kijana, paa limezibwa kwa majani ya migomba. Kila Krismasi tukienda, mume wangu alimwuliza kwa adabu, "Kaka, mwaka huu vipi?" Naye alijibu, "Mavuno yakipita, ndugu yangu. Wacha mavuno ipite." Mavuno yakapita. Pombe ikapita nayo. Nyumba hakuna.

"Jenga," nilikuwa namwambia mume wangu. "Jenga, potelea mbali! Watoto wako watatu wanalala kwenye nyumba ya kupanga, wanavuta vumbi la saruji."

"Mama watoto," alikuwa akinijibu, "wewe mtu wa Petta. Mambo ya kwetu huyajui."

Haki ya Mungu, nilikuwa nayajua kuliko yeye. Nilijua kwamba kaka yake hatajenga hata dunia igeuke juu chini. Lakini mume wangu alikuwa mpole, na upole wake ulikuwa unanichoma kuliko ukali wa wanaume wengine.

Homa ilimshika Jumatatu. Ijumaa alfajiri alikata roho.

Kabla hata hatujamfunga vizuri kwenye blanketi, fundi mmoja mzee waliyekuwa wakifanya kazi pamoja, naye mtu wa upande wa Busia, aliniita pembeni. Alikuwa anazungusha kofia mkononi. Akaniambia, "Shemeji, unajua hapa iko shida." Nilijua. Mwanamume aliyeoa na kuzaa, akifa bila nyumba kwa baba yake, anazikwa nyuma ya ghala la nafaka, kama kijana ambaye hajawahi kuwa na mke. Hana mlango wa kutokea, hana uwanja wa kulala. Na ikiwa yeye hana mlango, mimi ni mke wa nani? Wanangu ni wa nyumba ipi? Siku ya kugawa ardhi wataambiwa wale ni watoto waliokuja na mvua. Dawa ilikuwa moja tu, nyumba isimame kabla kaburi halijachimbwa. Ndugu hukusanyika wakasimika miti, wakakandika udongo haraka haraka, wakaezeka. Lakini ilikuwa Aprili. Mvua ilikuwa inapiga kila siku, udongo ni uji mtupu. Nani angekandika ukuta ukashika?

Hapo ndipo nilipoikumbuka ile nyumba ya kinyume.

Miezi mingi nyuma, mume wangu alifanya kosa ambalo mafundi wenzake walilicheka mpaka machozi. Aliugeuza mchoro, akalaza fremu zote upande usio wake, akapiga mbao za nje pale panapotakiwa kuwa ndani. Alifanya hivyo paneli zote nane, kwa uangalifu, kazi safi kabisa. Nyumba nzima ikatoka kinyume, kama kiatu cha mguu wa kushoto kilichoshonwa cha kulia. Haikuwa na ubaya wowote, ila haikuweza kukaa kwenye msingi uliokuwa umeshamwagwa shuleni. Nyapara aliamuru iegemezwe kwenye ua, ikafunikwa mabati ya paa lake, siku moja ivunjwe mbao zake zitumike kuzuia zege linapomwagwa. Kila asubuhi mume wangu alipita mbele yake, na kila asubuhi palikuwa na mtu wa kumtania, "Fundi, lini unahamia?"

Nilimkuta nyapara kwenye ofisi yake ndogo ya mabati.

"Nataka ile nyumba ya kinyume," nikamwambia.

"Mama, pole sana kwa msiba," akasema. "Lakini ile mali iko ya tajiri. Mimi siwezi kutoa bila barua."

"Tajiri yuko wapi?"

"Amekwenda Kampala. Atarudi wiki kesho."

"Na maiti ingoje barua mpaka wiki kesho?"

"Mama, elewa. Nitafukuzwa kazi."

Ala! Damu ilinichemka. Nikamwambia kwa sauti iliyofika mpaka kwenye reli kwamba nyumba ile mlikuwa mnataka kuivunja, kwamba mmeifanya kichekesho mwaka mzima, na kwamba huyu mtu aliye kwenye blanketi ndiye aliyepiga kila msumari ulioko mle. "Leo mnaionea uchungu? Nyoo! Mlipokuwa mnamcheka ilikuwa takataka, akifa imekuwa mali?" Nyundo ndani ya banda zikanyamaza. Yule fundi mzee aliweka nyundo yake chini. Alikwenda moja kwa moja kwenye ua, akavuta bati la kwanza, akalitupa chini. Wa pili akamfuata, na wa tatu. Nyapara alitazama, akajitia hamnazo. Aliingia ofisini, akafunga mlango, na hatukumwona tena.

Lori la banda lilikuwa na safari ya Busia siku ile. Wakapanga paneli nane chini, mbao za paa na mabati juu yake, na juu ya mabati wakamweka yeye kwenye mkeka. Mafundi wanne walipanda. Mimi nilikaa kando yake na watoto, nimeshika ubao kwa mkono mmoja na blanketi lake kwa mwingine, maana njia ilikuwa mashimo matupu. Nilikuwa na uchungu na nilikuwa na hasira, na sikuweza kujua machozi yalikuwa ya kipi. Tukapita Busia, watu wakavua kofia, tukakata kuelekea Bulumbi.

Vilio vya kutupokea havijaisha, shemeji tayari ameshaanza. "Nini hii kwenye lori?"

Fundi mzee akamweleza.

"Nyumba? Ya nani? Yake itasimamaje na yangu bado? Mnataka kunizika na mimi?"

Jamani, mtu huyu! Ndugu yake amelala pale mbele yake, uso umefunikwa, naye anaulizia zamu. Nilifungua mdomo, lakini baba mkwe alinitangulia. Alikuwa mzee mfupi, mtu wa maneno machache, na mimi nilimheshimu. Alisema, "Huyu hamruki mtu tena. Jengeni." Shemeji akanywea.

Asubuhi yake mvua ilikata. Mafundi walipanga mawe bapa, wakalaza mbao za chini, wakapima kwa pima maji mpaka zikakaa sawa. Wachimba kaburi walikuwa wameshika majembe, wanangoja. Mimi nilikuwa kwenye mkeka wa mjane, chini ya upenu wa nyumba ya mama mkwe, kando ya maiti. Mjane hatoki kwenye mkeka ule. Haongei na wanaume, hainui kichwa. Wakwe zangu wanawake walikuwa wamenizunguka, mmoja ameshika kanga yangu kabisa, utadhani nitatoroka.

Nilikuwa nimeinamisha kichwa, lakini masikio hayainami. Nikasikia namba moja ikisimama, vizuri. Nikasikia namba mbili. Halafu nikasikia kimya, halafu manung'uniko, nyundo ikigonga mahali pasipostahili kugongwa. "Haiingii." "Sukuma." "Haiingii, bolti haioni tundu." "Hii pembe iko mbaya." Nikainua jicho. Mbao za nje zilikuwa zimetazama ndani, na tundu za bolti ziko upande usio wake. Walikuwa wamekwenda kushoto! Mikono yao ilikwenda kushoto kama ilivyozoea, wakasahau kwamba nyumba hii ni ya kinyume. Na yule kijana wao mwenye haraka alikuwa ameshachukua msumeno, ameuweka kwenye mbao ya pembeni, anataka kukata ili iingie kwa nguvu. Angekata pembe moja tu, nyumba nzima isingefungika. Wangepigilia misumari ya kubahatisha, upepo wa kwanza ungeilaza, na kule mawinguni mvua nyingine ilikuwa imeshanuna.

Nikasimama.

"Kaa chini!" wakaninong'oneza. Kanga ikavutwa. Niliiacha mkononi mwao, nikabaki na gauni.

"Weka msumeno chini!" nikapiga kelele. "Ni ya kinyume! Namba mbili iende kulia! Kulia, jamani, kulia mpaka mwisho!"

Msiba mzima ukageuka kunitazama. Hata waliokuwa wakilia walinyamaza. Shemeji akaja mbio, ameinua fimbo. "Mjane anatoka mkekani? Mkosi gani huu unatuletea? Unataka watu wafe tena?"

"Wewe kaa na mkosi wako," nikamwambia. "Ungejenga mapema, leo nisingesimama hapa."

Sijui nilipata wapi kifua cha kusema vile mbele ya baba mkwe. Lakini nilikuwa nimeshasema. Fundi mzee alitazama paneli, akatazama mkono wake wa kulia, akajipiga kofi la paji la uso. Wakazilaza zote mbili, wakazigeuza, wakaanza upya. Nilirudi mkekani mwenyewe, hakuna aliyenirudisha. Paneli ya tatu ikaingia. Ya nne ikaingia. Bolti zilikuwa zinapita kwenye tundu bila hata kupigwa nyundo, kwa maana mume wangu, Mungu amrehemu, hata akikosea alikosea kwa vipimo.

Saa saba mabati yalikuwa juu. Baba mkwe alizunguka nyumba, akaigonga kwa kiganja, akatazama chini. Akauliza, "Shimo liko wapi?" Kwao nyumba huanza kwa shimo la nguzo, na baba ndiye hulipiga jembe la kwanza. Nyumba hii ilikuwa imekaa juu ya mawe, haikuumiza ardhi popote. Mafundi wakatazamana. Basi mzee akachukua jembe mwenyewe, akachimba shimo dogo kando ya mlango, akasimika kijiti cha urefu wa goti, akakanyagia udongo.

Wakamwingiza marehemu. Wakamlaza kidogo kwenye chumba cha mbele, watoto wake wakakaa naye, kisha wakambeba wakamtoa kwa mlango wake. Nilipoona miguu yake inavuka kizingiti, nililia kilio ambacho sikuwa nimelia tangu alfajiri ya kwanza. Akazikwa uwanjani, mbele ya nyumba yake, mahali pa mwanamume. Kwa siku ile moja sikuwa na hasira na mtu yeyote.

Nikabaki pale na wanangu. Mvua za mwezi ule ziliangusha nusu ya jiko la mama mkwe, lakini kwetu halikuingia tone. Watu walitoka mbali kuja kugonga kuta na kuuliza zimekuja namna gani. Nikaanza kwenda Busia mara tatu kwa wiki kuuza mihogo na samaki wakavu kwa wale wanaovuka mpaka, jioni narudi kwenye mlango wangu. Nilidhani mambo yamekwisha.

Thubutu! Matanga yalipokwisha tu, shemeji akaanza kuja. Kwanza alikaa kizingitini, anauliza habari za watoto. Halafu akaleta kiti chake. Halafu siku moja akatundika koti lake kwenye msumari wangu wa ndani, kana kwamba amefika kwake. Nilijua anataka nini. Mjane hurithiwa na ndugu wa mume, na yeye alikuwa anajiona mrithi. Nililichukua koti nikalitundika nje, juu ya kile kijiti cha mzee. Walipokaa kikao, nikasema mbele ya wote kwamba sitaki. Sitaki yeye, sitaki mwingine, nataka kulea watoto wa marehemu kwenye nyumba ya marehemu. Wazee wakakohoa. Mmoja akasema, "Mwanamke peke yake na nyumba! Hiyo umeona wapi?" Wakaondoka bila kukata neno.

Wiki mbili baadaye nilirudi kutoka Busia, kikapu kichwani, nikakuta sufuria zangu zimepangwa nje chini ya upenu. Mkeka wangu umekunjwa. Nguo za watoto ziko kwenye beseni, na watoto wenyewe wamekaa juu ya kinu, mdogo amelala akiwa amekaa. Ndani, shemeji ameketi kwenye kiti chake, amenyoosha miguu.

"Nini hii?" nikauliza.

"Nyumba ya ndugu yangu ni nyumba yangu," akasema. "Sasa na mimi nimejenga. Hakuna mtu atanicheka tena." Akatabasamu. "Wewe ukitaka kuingia, unajua namna ya kuingia."

Nimeonewa mara nyingi maishani, lakini sijawahi kusikia neno kama lile. Na mimi nimejenga! Yeye! Mtu aliyemzuia mwenzake asijenge mpaka akafa, sasa anajenga kwa kukaa kwenye kiti! Nikaweka kikapu chini. Nikaenda kwa baba mkwe. Alikuwa anakoboa mahindi, hakuinua uso.

"Baba," nikasema, "umeona?"

Aliokota hindi jingine. "Yeye ndiye mkubwa," akasema.

Sikumlaumu kwa sauti. Moyoni nilimlaumu, na mpaka leo namlaumu. Tulilala jikoni kwa mama mkwe. Asubuhi nikawaacha watoto naye, nikashika njia ya Tororo.

Fundi mzee alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza swali moja tu. "Bolti bado iko nzima?" Nikamwambia ni nzima, nimezipaka mafuta kwa mkono wangu.

Jumamosi, saa nne asubuhi, jua kali, lori lililokuwa linarudi tupu kutoka shuleni likasimama mbele ya boma. Wakashuka mafundi watatu. Mimi nilikuwa na spana ya mume wangu, ile aliyokuwa anaifunga kiunoni. Shemeji alikuwa ndani, kwenye kiti chake.

"Toka," nikamwambia.

"Sitoki. Nani atanitoa kwangu?"

"Basi kaa hapo hapo."

Wakapanda juu, wakashusha mabati moja moja. Jua likamwangukia kichwani. Akapiga kelele, akaita watu, watu wakaja, lakini waliokuja walisimama tu kutazama. Nadhani hakuna aliyewahi kuona kitu kama kile. Akatishia kumwita chifu. Nikamwambia mwite, mwambie umenyang'anywa nyumba uliyojenga, akikuuliza ulipiga msumari upi, mwonyeshe. Mtu mmoja nyuma akacheka. Nikaingiza spana kwenye bolti ya kwanza. Ilizunguka kirahisi kabisa. Namba nane ikalala. Namba saba ikalala. Tulikwenda kwa utaratibu, ukuta baada ya ukuta, na yeye amekaa katikati, ameshikilia kiti chake kwa mikono miwili. Namba moja ilipotolewa, na mlango wake, akabaki ameketi uwanjani juu ya mawe bapa, kuku wanapita mbele yake. Ndipo akasimama na kwenda zake, na kiti akakiacha.

Nilicheka. Ndiyo, nilicheka, tena kwa sauti.

Nikageuka, nikamwona baba mkwe amesimama kando ya kaburi. Sikujua amesimama pale tangu saa ngapi. Alikuwa ameshika kofia. Hakuwa na hasira hata kidogo, na heri angekuwa nayo, maana hasira ningeijibu.

"Mwanangu alikuwa na nyumba," akasema. "Umemvua nguo mbele ya watu."

Nikaacha kucheka. Nikasema, "Ndiyo, baba." Nikapiga magoti nikamuaga, nikawapandisha watoto kwenye lori, juu ya paneli.

Nyumba ile ikasimama Busia, kwenye kiwanja cha mama mmoja wa kanisani kwetu, tena kwa mkono wa kulia, na safari hii hakuna aliyekosea. Wanangu wote watatu wamekulia humo. Wamesoma humo kwa taa ya chemni, wameugua humo, wamepona humo. Hakuna aliyewaambia tokeni.

Kila mwaka naenda Bulumbi kufagia kaburi. Huko nyumbani hawanikaribishi, nami siombi kukaribishwa. Pale iliposimama nyumba hakuna kitu, ni nyasi tu mpaka kwenye ghala. Mgeni akipita atadhani amezikwa pale mtu ambaye hakuwahi kuwa na mke. Najua hilo. Silifichi, na linaniuma kila ninaposhika ufagio. Nikimaliza kufagia huwa nasimama, nakasirika upya, namwambia ukweli wake na ukweli wangu. "Umekosa nyumba mara mbili, baba watoto. Mara ya kwanza ni wewe mwenyewe. Mara ya pili ni mimi, na ningeifungua tena."